Mhadhara wa Mlimani ni wa nani?

Mara kwa mara, katika taarifa zinazotufikia kutoka Tanzania, tunasoma kwamba mwandishi, mwanahistoria au msanii fulani ametoa mhadhara wa wazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taarifa yenyewe huwa na aya mbili au tatu: jina la mzungumzaji, mada yake, na sentensi moja iliyonyofolewa kutoka katika hotuba ya saa nzima. Kisha tunaendelea na bei ya mafuta. Makala haya yanakusudia kueleza kile ambacho aya hizo hazina nafasi ya kukieleza: mihadhara hiyo ilianzaje, ni nani huitwa kuzungumza, na kwa nini jambo linalofanyika juu ya kilima kimoja cha Dar es Salaam limhusu mtu anayekaa Buyenzi, Bwiza au Rumonge.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa bado mgeni katika chumba cha habari, niliwekewa mezani taarifa ya Kifaransa iliyohusu nafasi maalumu ya uprofesa iliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Neno la Kifaransa lililotumika ni jirani mno wa lile la kiti cha kukalia, nami, kwa pupa ya kuiwahi taarifa ya saa saba, nikaandika "kiti cha Mwalimu Nyerere". Habari ikasomwa hewani hivyo hivyo. Jioni yake mzee mmoja wa Buyenzi akapiga simu kwa adabu zote, akauliza kiti hicho kimehifadhiwa katika jumba gani la makumbusho, maana angependa wajukuu wake wakakione.

Watanzania walikuwa wamekwisha kulitafutia jambo hilo jina zuri kuliko langu. Wanakiita Kigoda. Kigoda, kama ajuavyo kila aliyelelewa na bibi, ni kile kiti kifupi cha miguu mitatu au minne anachokalia mkubwa wa nyumba akitaka kusema na watu bila kuharakishwa. Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika kilianzishwa katika chuo hicho mwaka 2008. Wa kwanza kukikalia alikuwa Issa Shivji, profesa wa sheria, hadi mwaka 2013. Akafuatiwa na Penina Mlama, profesa wa sanaa za maonyesho na mwandishi wa tamthilia ambaye wasomaji wa zamani wanamfahamu kwa jina la Penina Muhando. Mwanasheria akampisha mtu wa jukwaani. Nadhani mpangilio huo unasema mengi kuhusu aina ya mazungumzo yanayotarajiwa pale.

Kazi ya Kigoda ilikuwa, na ni, kuandaa mijadala ya hadhara kuhusu Afrika kama kitu kimoja: historia yake, uchumi wake, lugha zake, sanaa zake. Mwezi Aprili 2009, mwezi aliozaliwa Mwalimu, lilifanyika tamasha la kwanza la kitaaluma kwa jina lake, na mgeni aliyepewa heshima ya kutoa mhadhara mkuu alikuwa Wole Soyinka wa Nigeria, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1986. Nitarudi kwake baadaye, kwa kuwa katika safari yake hiyo mna jambo linalotugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wengine.

Kwanza tupafahamu mahali. Chuo hicho kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi 13 tu, wote wa sheria. Msomaji wa hapa kwetu atatambua majira hayo. Siku 12 kabla yake, tarehe 13 Oktoba, Mwanamfalme Louis Rwagasore alikuwa ameuawa mjini Usumbura. Mwaka 1964 chuo kilihamia kilimani, ndiyo maana watu wa Dar es Salaam hukiita Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili chenye kujitegemea. Ukumbi wake mkubwa ulipewa jina la Kwame Nkrumah. Anayetaka kuuona bila kupanda basi atafute noti ya Tanzania ya shilingi 500 ya toleo la mwaka 2010 na kuigeuza mgongo: ukumbi umechorwa pale. Wafanyabiashara wetu wanaovuka kwenda Kigoma wameshika picha hiyo viganjani mara nyingi kabla ya sarafu kuanza kuchukua nafasi ya noti, pengine bila kujua ni nyumba gani.

Desturi ya kuzungumza hadharani pale Mlimani ni kongwe kuliko Kigoda. Ilipata moto baada ya Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwafukuza 393, kisha akajikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, swali la nini hasa kazi ya chuo kikuu katika nchi maskini likawa la kujadiliwa mbele ya watu.

Katika hali hiyo ndipo aliposimama Walter Rodney, mwanahistoria kijana kutoka Guyana. Alifundisha Mlimani mwaka 1966 na 1967, akaenda Jamaika ambako alipigwa marufuku kuingia nchini mwezi Oktoba 1968, akarudi Dar es Salaam mwaka 1969 na kukaa hadi 1974. Mihadhara yake na mijadala iliyoizunguka ndiyo iliyolea kitabu chake cha mwaka 1972, kilichochapishwa kwa pamoja London na Dar es Salaam, kinachoeleza ni kwa namna gani Ulaya ilistawi kwa kuifanya Afrika isistawi. Wanafunzi nao walikuwa na chama chao cha kimapinduzi, kilichoongozwa na kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni, na jarida lao liliitwa Cheche. Walikutana hata Jumapili kusoma na kubishana.

Tusije tukaifanya enzi hiyo kuwa bustani isiyo na miiba. Mwishoni mwa mwaka 1969, baada ya Rodney kuhutubia semina ya vijana, gazeti la chama tawala lilimjibu kwa tahariri kali iliyomwonya kwamba ukarimu wa mwenyeji una mpaka. Novemba 1970 chama cha wanafunzi kikapigwa marufuku pamoja na jarida lao. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba Tanzania ina itikadi yake na haihitaji kuazima ya wengine. Uhuru wa kusema pale kilimani ulikuwa mpana kuliko katika vyuo vingi vya wakati ule, lakini kamba ilikuwapo, na kila mzungumzaji alijifunza urefu wake kwa kuivuta.

Majirani wengine nao walipita. Katika miaka ya 1970 Waganda waliomkimbia Idi Amin, miongoni mwao Dani Nabudere, Mahmood Mamdani na Yash Tandon, waliendesha na wenyeji wao mjadala mrefu kuhusu dola, tabaka na ubeberu; maandishi yake yalikusanywa kitabuni mwaka 1982. Kutoka Kongo alikuja Ernest Wamba dia Wamba, mwanahistoria aliyefundisha Mlimani tangu mwaka 1980. Wasikilizaji wetu wengi walimjua kwa mara ya kwanza mwaka 1998, alipotajwa kuwa kiongozi wa waasi wa RCD katika vita vilivyotikisa maziwa yote makuu. Kwa wanafunzi wake wa Dar es Salaam alikuwa mwalimu aliyekwisha kutumia miaka mingi kuhoji namna Waafrika wanavyoweza kujadiliana na kupatana bila bunduki. Alifariki Kinshasa mwaka 2020. Mambo hayo mawili yanakaaje katika maisha ya mtu mmoja, ni swali ambalo taarifa ya aya mbili haiwezi hata kuliuliza.

Mpaka hapa nimewataja wanahistoria na wanasiasa. Kuna wasanii pia, na kwa maoni yangu hao ndio waliofanya jambo gumu zaidi.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alikuwa Mlimani na ndipo tamthilia yake Kinjeketile ilipowekwa jukwaani. Inahusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, vilivyopiganwa katika koloni lilelile la Wajerumani ambalo Burundi ilikuwa sehemu yake. Inaonyesha watu walioungana kwa kuamini dawa ya maji, na kiongozi ambaye mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Hoja ambayo mhadhiri angeihitaji saa mbili kuijenga, yaani kwamba imani inaweza kukosea kuhusu risasi na bado ikapatia kuhusu umoja, ilipitishwa mbele ya hadhira kwa Kiswahili, na aliyeketi kiti cha nyuma alielewa sawa na profesa aliyeketi mbele.

Miaka michache baadaye ukazuka ugomvi mwingine, safari hii wa ushairi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa mwaka 1974 diwani yake Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Walioshika kanuni walisema maandishi ya namna hiyo si mashairi hata kidogo. Waliomtetea walisema shairi ni moyo wa maneno, na kanuni ni nguo tu. Ugomvi huo ulitoka vyumba vya mihadhara ukaingia magazetini na vitabuni, na wasiowahi kukanyaga chuo kikuu, wakiwamo washairi wa pwani waliojifunza vina kwa baba zao, walikuwa na la kusema kuliko wenye shahada. Nijuavyo mimi, huo ndio mfano bora wa mazungumzo ya wazi: pale ambapo mwenyeji hawezi kuamua ni nani mwenye ujuzi.

Penina Mlama na wenzake, akiwamo Amandina Lihamba, walikwenda mbali zaidi. Walitoka Mlimani wakaenda vijijini, bila hotuba. Huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, walikaa na wanakijiji, wakawauliza ni jambo gani linawasumbua, na jibu likawa mimba za wasichana wa shule. Vijana wa pale wakatunga ngoma na michezo kuhusu jambo hilo kwa mitindo yao wenyewe, na baada ya kila onyesho wazazi, walimu na viongozi wakajikuta wakibishana kuhusu aibu ambayo kila mmoja alikuwa akiinong'ona nyumbani kwake. Mwaka 1996 walimu haohao wa sanaa walianzisha katika shule za sekondari mradi ulioitwa Tuseme, ambamo wasichana wenyewe walichunguza vikwazo vyao na kuviigiza mbele ya walimu wao. Mradi huo umeenea katika nchi nyingine za Afrika ukiwa na jina lake la Kiswahili.

Sasa nirudi kwa lugha, kwa kuwa hapo ndipo penye donda.

Juni 1962, katika Chuo cha Makerere mjini Kampala, ulifanyika mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka mwenyewe akiwa kijana, Christopher Okigbo, na mwanafunzi aliyeitwa wakati ule James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Mkutano uliitwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza, na sharti hilo lilitosha kumfungia mlango Shaaban Robert, mwandishi mkubwa kuliko wote wa Afrika ya Mashariki aliyekuwa hai, ambaye vitabu vyake vilisomwa kutoka Lamu hadi Kongo. Alifariki mwezi huohuo wa Juni. Ngũgĩ alikuja kukiri baadaye, kwa maandishi, jinsi lilivyokuwa jambo la ajabu kwamba yeye mwanafunzi mwenye hadithi chache alistahili kuingia, na Shaaban Robert hakustahili.

Miaka 47 baada ya mkutano wa Makerere, Soyinka akasimama Dar es Salaam, mji mkuu wa Kiswahili usio na mpinzani. Huyu ni mtu ambaye tangu miaka ya 1970 amekuwa akitaka Kiswahili kifanywe lugha ya bara zima. Hata hivyo mhadhara wake aliutoa kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha aliyo nayo. Simlaumu. Mtu hawezi kuhutubia kwa lugha anayoitakia mema tu. Ila kisa chake kinaonyesha wazi mahali tulipo: hata rafiki mkubwa wa Kiswahili hutufikia kwa mkalimani, na mkalimani mara nyingi hayupo.

Kwa wenyeji hali ni ya mchanganyiko. Chuo kina taasisi nzima ya taaluma za Kiswahili, TATAKI, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1964 na idara ya ufundishaji. Kina pia kitivo kikubwa, au kwa lugha yao ndaki, ya fasihi, historia, lugha na falsafa, na jina walilolichagua ni Ndaki ya Insia. Neno insia ni geni masikioni mwa wengi wetu, lakini lina mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa "insani", yaani mwanadamu. Mimi nalipenda, maana taaluma hizo humhusu binadamu na mambo yake, hata kama mara mbili nimeliandika katika taarifa na mara mbili msomaji wetu wa habari akalisoma "ishara".

Mhadhara wenyewe huendeshwa na mwenyekiti. Akiwapo mtu wa kuanzisha mjadala kwa kuibua maswali, Watanzania humwita mchokoza mada, jina ambalo lingestahili kuazimwa na kila bunge. Mzungumzaji akitumia Kiingereza, si ajabu swali la kwanza kutoka ukumbini likaja kwa Kiswahili, na hapo hewa hubadilika: watu huketi vizuri, vicheko huanza, na mzungumzaji akiwa ni Mtanzania naye huacha karatasi na kuanza kusema. Jarida la Kigoda, Chemchemi, lilichapisha makala kwa lugha zote mbili. Lakini ile kazi kubwa kuliko zote iliyotoka katika mzunguko huo, wasifu wa Mwalimu Nyerere katika majuzuu matatu ulioandikwa na Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, ilitoka mwaka 2020 kwa Kiingereza.

Jambo hili si la Watanzania peke yao. Nyerere ndiye aliyekuwa msuluhishi wa mgogoro wetu. Ndiye aliyewaketisha Warundi pamoja huko Mwanza mwaka 1996 na Arusha kuanzia Juni 1998, na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwake alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, chini ya Nelson Mandela. Kila mjadala unaofanyika Mlimani kuhusu fikra za Nyerere ni, kwa sehemu, mjadala kuhusu namna nchi yetu ilivyotolewa vitani. Mzee wa Buyenzi aliyefuatilia mazungumzo ya Arusha usiku kwa usiku kwenye redio yake anayo haki ya kusikia yale yanayosemwa juu yake. Kifaransa chake ni cha sokoni, Kiingereza hana, na Kiswahili chake kinawazidi maprofesa wengi.

Kwa sababu hiyo idara yetu imeanza kutafsiri kwa urefu zaidi mihadhara inayotufikia, badala ya kunyofoa sentensi moja. Kazi si nyepesi. Chukua kitabu hicho cha Rodney na lile tendo lililomo katika jina lake, ambalo ndilo hoja yake nzima. Tumejaribu "kudidimiza", lakini hilo ni kukisukuma chini kitu kilichokuwa juu, na Rodney hakusema Afrika ilikuwa juu ya wote. Tumejaribu "kudunisha", likaonekana ni la heshima kuliko la tumbo, kana kwamba kosa la Ulaya lilikuwa dharau tu. Hivi sasa tunatumia "kudumaza", ambalo wauguzi wa vituo vya afya wametuzoesha nalo wanapopima urefu wa watoto. Mtoto aliyedumaa anaendelea kuishi na umri unaongezeka, ila hafikii kimo alichoumbiwa, na mara nyingi chakula alichokosa kimeliwa na mwingine. Mwenzangu wa meza ya pili hajaridhika: anasema mtoto hudumaa hata kwa ukame, bila mkosaji, ilhali Rodney anamtaja mkosaji kwa jina. Tumelibakiza kwa muda. Mwenye neno bora zaidi atupigie saa za kipindi. Yule mzee wa kiti cha makumbusho amekwisha kutuletea mawili.